Mtoto anayepata vema ndiye tusiyeongea naye: kisa cha Benny na desimali zake

Tuanze na hesabu zenyewe halafu mtoto tutamjadili baadaye. Ameulizwa 2/10 kwa desimali ni ngapi, akasema 1.2. Ameulizwa 5/10, akasema 1.5. Akapewa 429/100 akajibu 5.29, akapewa 3/1000 akajibu 1.003, halafu akapewa 400/400 ambayo hata ukiamshwa usingizini utasema ni moja, yeye akajibu 8.00 bila wasiwasi wowote. Na wala habahatishi jamani, hapo ndo utamu wa kisa chenyewe, maana ukikaa ukaziangalia vizuri unaona kuna kanuni moja inayofanya kazi zote hizo: jumlisha namba ya juu na ya chini, kisha chomeka nukta pale unapoona panafaa. 2 na 10 ni 12, basi 1.2. 429 na 100 ni 529, basi 5.29. 400 na 400 ni 800, basi 8.00. Ukimpa kumi anakupa kumi, zote kwa mtindo uleule.

Mtoto huyu kwenye maandishi anaitwa Benny. Ni mmarekani, alikuwa na miaka 12, darasa la sita, na kisa chake kiliandikwa 1973 na Stanley Erlwanger wa Chuo Kikuu cha Illinois, kwenye jarida dogo la utafiti wa hesabu za watoto ambalo ndo kwanza lilikuwa limeanzishwa na Robert Davis. Walimu wengi wa hesabu huko nje wamekutana na Benny chuoni. Huku kwetu sijamsikia akitajwa sana, na mi naona kisa chake kinatuhusu kuliko hata kinavyowahusu wao, ngoja nieleze.

Jambo la kwanza la kulielewa ni kwamba Benny hakuwa mtoto mzito. Akili yake ilipimwa ikaonekana iko juu kidogo ya wastani (IQ 110 mpaka 115 kama unaamini vipimo hivyo), na mwalimu wake alimhesabu kabisa kati ya wanafunzi wake wazuri wa hesabu, anasonga mbele kuliko wenzake wengi. Erlwanger hakwenda pale kumtafuta Benny, alikwenda shuleni hapo kusaidia watoto waliokuwa wanahitaji msaada, akaanza kupiga stori na watoto, akamkuta huyu ambaye kila mtu anajua yuko vizuri. Akamuuliza swali la kawaida tu, umepataje? Mambo yakaanza kutoka.

Sasa shule yenyewe. Walikuwa wanatumia mfumo ulioitwa IPI (Individually Prescribed Instruction, yaani kila mtoto kupangiwa masomo yake), ambao ulitengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na ulianza kutumika 1964 kwenye shule moja ya huko inaitwa Oakleaf. Wazo lake lilikuwa zuri na mtu mwenye roho nzuri lazima alipende: kila mtoto aende kwa mwendo wake, asimsubiri mzito wala asiachwe na mwepesi. Hesabu zote zikakatwakatwa vipande vidogo vidogo vya malengo, kila kipande na vijitabu vyake. Mtoto anapimwa kuona yuko wapi, anapewa vijitabu, anafanya mwenyewe kimyakimya, vinasahihishwa, anafanya mtihani wa kipande hicho, akipata asilimia 80 kwenda juu anaingia kipande kinachofuata. Asiyefikisha anarudia. Mwalimu kazi yake kubwa ni kupanga nani achukue kijitabu gani na kumsaidia aliyekwama. Anayesahihisha, mara nyingi msaidizi, ana karatasi ya majibu mkononi, analinganisha alichoandika mtoto na kilichoandikwa pale, kikifanana vema, kisipofanana kosa. Benny alikuwa ndani ya mfumo huo tangu darasa la pili. Miaka minne hivi.

Utajiuliza, kama anaamini 5/10 ni 1.5 amefikaje darasa la sita akiwa mzuri? Nami nilijiuliza. Jibu halipo sehemu moja. Kwanza hiyo 80 yenyewe, maana mtihani unahesabu alichopata na hauangalii ile 20 aliyokosa ni kitu gani, na inawezekana kabisa ile 20 ndo roho ya mada, kipande baada ya kipande inazidi kurundikana. Pili baadhi ya kanuni zake zilikuwa zinatoa majibu sahihi. 0.7 mara 0.5 alipata 0.35, safi, 8 mara 0.4 alipata 3.2, safi kabisa. Vema, vema, twende mbele. Tatu, na hii ndo iliyonikaa zaidi kichwani, Benny alikuwa amejifunza kucheza na karatasi ya majibu. Anaandika jibu, likija na kosa anaandika lingine, likija na kosa anabadilisha sura, mpaka lifanane na wanachotaka.

Na ye mwenyewe anajua anafanya hivyo! Alimweleza Erlwanger waziwazi kwamba hao wanaosahihisha hawaangalii kama jibu ni la kweli, wanaangalia tu karatasi yao. Akatoa mfano, kwamba ukiandika nusu na wao wanataka 2/4 wanakupiga kosa japo ni kitu kilekile. Hapo Benny yuko sahihi kabisa, nusu na 2/4 ni kitu kilekile, na mtoto wa darasa la sita anayeona jambo hilo ana akili. Lakini angalia alipolipeleka. Kama nusu na 2/4 ni sawa ingawa wamenipiga kosa, basi na majibu yangu mengine waliyoyapiga kosa nayo pengine ni sawa, tofauti ni sura tu. Kwake 2 jumlisha 0.8 ni 1.0, na 2 jumlisha 8/10 ni 2 8/10, na aliona hayo majibu mawili ni yaleyale, eti karatasi ndo inayoyatenganisha. Yaani mtu ameanza na hoja ya kweli kuhusu sehemu zinazolingana akatumia hoja hiyohiyo kuhalalisha uongo, na hakuna mtu aliyekuwepo kumwambia subiri kwanza, hizi mbili zinalingana kwa sababu hii na zile mbili hazilingani kwa sababu hii.

Basi ikawa hesabu kwake ni kuwinda jibu analotaka mwalimu. Alipoulizwa kuhusu hesabu za sehemu akasema zina kanuni kama mia tofauti. Kanuni zilitoka wapi? Akasema alizitunga mtu fulani mwenye akili sana, na lazima ilimchukua miaka mingi, kama hamsini hivi, maana ilibidi afanye maswali yote ndo apate kanuni. Mimi hapo sicheki. Mtoto amefundishwa vipande vipande miaka minne, kila kipande na kanuni yake, hajawahi kuona kanuni ikizaliwa kutoka kwenye kitu chenye maana, sasa atafikiri zimetoka wapi kama si kwa mzee mmoja aliyejifungia chumbani?

Turudi kwenye desimali maana ndo penye nyama.

0.3 jumlisha 0.4. Benny anasema 0.07. Na sababu anayo: kuna nukta mbili, moja mbele ya 3 moja mbele ya 4, kwa hiyo jibu lazima liwe na tarakimu mbili baada ya nukta. Ukimpa 0.44 jumlisha 0.44 atakwambia tarakimu nne, yaani 0.0088. Mwalimu wa hesabu anayesoma hapa keshaitambua, hiyo ni kanuni ya kuzidisha. Kwenye kuzidisha ndo tunahesabu tarakimu zilizo baada ya nukta kwa pande zote na kuzirudisha kwenye jibu, na ndo maana 0.7 mara 0.5 alipata. Kwa hiyo kosa la Benny kwenye kujumlisha limetoka kwenye somo alilofaulu. Halikutokana na uvivu wala kutosikiliza, alisikiliza vizuri tu, akashika kanuni, akaipeleka mahali pengine kwa sababu hakuna aliyemwambia kanuni ile inatoka wapi. Ukijua kwamba 0.7 ni vipande saba vya kumi, na 0.5 ni vipande vitano vya kumi, na ukichukua sehemu ya kumi ya sehemu ya kumi unapata sehemu ya mia, basi unajua kwa nini tarakimu zinaongezeka kwenye kuzidisha. Na palepale unajua kwa nini kwenye kujumlisha haziongezeki, maana vipande vitatu vya kumi na vipande vinne vya kumi ni vipande saba vya kumi, kwani vimebadilika kuwa vitu vingine?

Halafu kuna 4/11 na 11/4. Kwa Benny zote mbili ni 1.5, kwa sababu 4 na 11 ni 15 na 11 na 4 ni 15. Alipobanwa, sasa hizi zimegeuzwa juu chini inakuwaje ziwe sawa, hakuyumba. Akatoa maelezo marefu ya kuchukua kumi kutoka juu kuishusha chini, mpaka 11/4 ikawa 1/14, halafu ikarudi tena 1.5. Yaani ana mfumo mzima. Na ukimgeuzia, 0.5 ni sehemu gani? Anakwambia ni 3/2, au 2/3, au yoyote ile ilimradi zikijumlishwa zije tano. Kanuni yake inakwenda mbele na inarudi nyuma bila kugongana, ndani ya nyumba yake kila kitu kiko sawa.

Kilichokosekana ni ukubwa. Nakirudia hiki kwa sababu watu wengi wakisoma kisa cha Benny wanasema "hakuelewa kanuni", wanataka arudiwe kanuni kwa sauti kubwa zaidi. Benny ana kanuni za kutosha, nyingine anauza. Kwake 1/8 ilikuwa 0.9, na 1/9 ikawa 1.0. Sasa chukua chapati moja igawe vipande nane ule kimoja, utasema umekula karibu chapati nzima? Ukiigawa vipande tisa ndo kabisa, kipande kimoja kimekuwa chapati nzima, ungekuwa muujiza na njaa ingeisha duniani. Chapati 4 kwa watu 11 na chapati 11 kwa watu 4, mtoto wa miaka saba anajua akae meza gani. Kwake 4 jumlisha 1.6 ilikuwa 2.0, umeweka lita nne kwenye dumu ukaongeza lita moja na nusu na zaidi kidogo, dumu likapungua. Benny hajui haya? Anajua sana, akiwa nyumbani kwao mezani. Ila hayo yako upande mmoja wa maisha na zile alama za kwenye kijitabu ziko upande mwingine, na miaka minne hakuna mtu aliyezikutanisha.

Kwa nini hakuna aliyezikutanisha? Nadhani hapa ndo lilipo jambo lenyewe, na silioni likisemwa vya kutosha. Kwenye ule mfumo mwalimu alikuwa anaongea na mtoto aliyekwama. Benny hakukwama. Alikuwa anapata vema. Mtoto anayepata vema anapewa kijitabu kingine. Kwa hiyo jinsi alivyozidi kufaulu ndivyo alivyozidi kukosa mtu wa kuongea naye kuhusu hesabu, mpaka akaja mgeni na kinasa sauti.

Sasa niambieni walimu wenzangu, sisi tuna tofauti gani? Fikiria darasa letu la kawaida, watoto themanini, tisini, mia na kitu, madaftari yamerundikana mezani kuanzia saa nne. Unasahihisha vipi? Unaangalia jibu la mwisho. Vema, vema, vema, kosa, unasimama hapo kwenye kosa, ukipata nafasi unamwita mwenye kosa unamuuliza, we hii umeipataje? Mwenye vema hajawahi kuulizwa hilo swali tangu aanze chekechea. Tena ukimuuliza anashtuka, anachukua kifutio anaanza kufuta, maana anajua mwalimu akiuliza umepataje maana yake umekosa. Hiyo tabia ya kufuta haijaletwa na mtoto, ni sisi tumemfundisha.

Na mitihani yetu nayo imekaa kihivyo. KCPE ya Kenya, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mpaka ilipofanyika mara ya mwisho 2023, karatasi ya hesabu ilikuwa maswali 50, yote ya kuchagua A mpaka D. Tanzania nako tunaijua penseli na kale kaduara. Sisemi maswali ya kuchagua ni dhambi, kusahihisha mamilioni ya karatasi kwa mkono si mchezo. Nasema kwamba mtoto aliyelelewa kwenye maswali ya kuchagua anajifunza ufundi uleule wa Benny, wa kunusa jibu wanalotaka. Kuna watoto ukiwapa swali la sehemu lenye majibu manne wanapata, ukiondoa yale majibu ukawaachia nafasi wazi hawajui waanzie wapi. Mwalimu yeyote wa darasa la saba amewaona.

Nitaje na jambo lingine ambalo limetufikia mlangoni kabisa. Kati ya 2017 na 2019 kule mkoa wa Tanga kulikuwa na majaribio makubwa ya XPRIZE, shirika la Marekani linaloendesha mashindano ya zawadi, tableti zilipelekwa kwenye vijiji kama 170 kwa watoto karibu 3,000, ndani yake programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu ambazo mtoto anajifunza mwenyewe bila mwalimu. Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 ikagawanywa kati ya washindi wawili waliotengeneza programu hizo, Kitkit School na onebillion. Na watoto walipanda kweli, tusibeze, wengi wao walikuwa hawaendi shule na hawajui kusoma hata neno moja. Programu za leo pia si vijitabu vya IPI, zina picha, sauti, vitu vya kuhamisha kwa kidole, mtoto anaona tano ikijengwa. Ila wazo la chini ni lilelile la Pittsburgh 1964, kila mtu kwa mwendo wake, akipata anasogea. Na ukishatoka kwenye kuhesabu vitu mpaka kumi ukaingia kwenye sehemu na desimali, mashine inayoangalia jibu la mwisho tu itampandisha Benny kila wiki na kumpigia makofi na nyota za njano. Kwa hiyo wazazi mnaonunua programu za hesabu kwenye simu, poa tu, ila kaa na mtoto dakika kumi umuulize hilo alilopigiwa makofi amelipataje. Kama mama hakusoma sana hesabu wala haijalishi, anayeeleza ni mtoto, kazi ya mama ni kusema "mh, hapo sijaelewa".

Haya, darasani sasa na watoto tisini, tunafanyaje? Maana ushauri wa "ongea na kila mtoto" ni wa watu wenye madarasa ya watoto ishirini na mbili.

Ninachokiona kinawezekana ni kubadilisha nani anaulizwa. Kwenye rundo la madaftari toa matano yenye vema zote, hao ndo uwaite. Kesho watano wengine. Unamwambia mapema kabisa kwamba umepata, vema yako iko palepale, nataka tu unieleze kama unamweleza mdogo wako wa darasa la pili. Wiki za mwanzo watakuwa wanakusomea kanuni, "unachukua ya juu unazidisha na ya chini", hapo uliza swali moja tu: kwa nini? Na usikimbilie kumjibia! Kimya chake kina taarifa nyingi kuliko jibu lake.

Kingine ni kulazimisha ukubwa kabla ya kukokotoa. Kabla hawajagusa kalamu, 0.3 jumlisha 0.4, je itazidi moja au haitafika? Itazidi nusu? Wanyooshe mikono. Mtoto aliyekwisha sema mbele ya wenzake kwamba inazidi nusu akipata 0.07 kitamkwaruza mwenyewe, maana sasa kuna kitu cha kugongana nacho. Hapa rula ya shilingi mia tano inafanya kazi kubwa kuliko kitabu: sentimita 0.3 ni milimita tatu, sentimita 0.4 ni milimita nne, ziweke pamoja uone zimefika wapi, halafu nionyeshe 0.07 iko wapi kwenye hiyo rula. Haionekani, ni chini ya milimita moja! Hapo unaacha watoto wabishane wenyewe. Buchani nako, nusu kilo na robo kilo, watoto wanatumwa kila siku, wanajua nusu kilo ni nyama nyingi kuliko robo, ila ukiwaandikia 0.5 na 0.25 nusu ya darasa watakwambia 0.25 ndo kubwa kwa sababu 25 inazidi 5. Ni yuleyule Benny, ametumia kanuni ya namba nzima mahali si pake.

Kuna walimu wanaogopa kuandika jibu lenye makosa ubaoni, wanasema watoto watalishika. Mi siafiki. Andika 4/11 = 1.5 na 11/4 = 1.5, usiseme zimetoka kwa nani, waulize darasa huyu aliyefanya hivi aliwaza nini. Kutafuta mawazo ya mtu aliyekosea kunahitaji akili zaidi ya kutafuta jibu, na wale wanaojiona hodari wataamka. Angalizo moja: isiwe hesabu ya mtoto aliyekaa hapo darasani akachekwa mpaka mwaka uishe.

Najua kitakachosemwa, silabasi haiishi. Ni kweli haiishi, na mkuu wa shule anataka kuona azimio la kazi liko wiki gani, na mwalimu wa taaluma anataka wastani. Ila tuhesabu vizuri. Muda tunaotumia darasa la sita na la saba kurudia sehemu na desimali, rimedio asubuhi, tuisheni jioni, kambi za likizo, mada zilezile zilizofundishwa madarasa ya nyuma, huo muda si wa silabasi? Tunaulipa tu kwa awamu na kwa riba.

Kuna mtu atasema pia huyu Benny ni mtoto mmoja, shule moja, Marekani ya miaka ya sabini. Sawa, kwa mtoto mmoja huwezi kusema mfumo mzima uliharibu watoto wote, na Erlwanger hakuleta asilimia. Alichoonyesha ni kwamba inawezekana. Inawezekana mtoto akae miaka, apande madaraja, mwalimu wake amsifie, na ndani awe na hesabu nyingine kabisa. Ukishajua inawezekana huwezi tena kuangalia rundo la vema kwa utulivu uleule, mi angalau siwezi.

Na sehemu ya mwisho ya kisa ndo ngumu kuisoma. Erlwanger hakumwacha hivihivi, alikaa naye mara mbili kwa wiki kwa kama wiki nane, wakaongea, akajaribu kumrudisha kwenye maana ya vitu. Benny alikuwa anapenda kuongea na alijitahidi, kuna vitu vikasogea, lakini si kwa kiasi ambacho ungetegemea kwa mtoto mwenye akili namna ile anayekaa na mtu mmoja peke yake. Na si ajabu. Ukimwonyesha kwamba jibu lake haliwezi kuwa kweli, yeye tayari ana maelezo ya hilo: kuna jibu la kweli na kuna jibu wanalolitaka, na leo naona umekuja na karatasi nyingine ya majibu. Mtafiti mwenyewe akawa mtu mwingine tu wa kuwindiwa jibu.

Kwa hiyo darasa la sita pamechelewa. Nikipewa nafasi ya kuchagua ningeanza na darasa la pili na la tatu, kwenye 52 toa 27, ambapo watoto kibao wanaandika 35 kwa sababu waliambiwa ndogo inatolewa kwenye kubwa basi 2 inatolewa kwenye 7. Hapo kosa bado ni bichi. Mafungu matano ya vijiti kumikumi na vijiti viwili vya mamoja, dakika tano, fungua fungu moja, hesabu vilivyobaki. Ila usimwite aliyeandika 35 peke yake. Mwite na jirani yake aliyeandika 25, na umwambie huyo wa 25 ndo aanze kueleza.